Samoni wa Kumi

Kamizawa, 2 Aprili 1958

Mdogo wangu Eikichi,

Salamu za huku zimejaa tope, theluji inayeyuka. Natumaini barua hii itakukuta Hakodate kabla hujapanda meli, na kwamba lile koti nililokushonea bado unalo wewe, halijaenda kwa mtu mwingine kwenye karata.

Sisi wazima. Baba naye mzima, ila jina lako bado hataki kulitamka. Akitaka habari zako ananiuliza, "Yule mpangaji wetu ameandika?" Nikisema bado, anageuka kurudi kwenye matangi yake ya mayai. Alikulea akitegemea utashika kituo cha kutotolea vifaranga vya samoni baada yake, nawe ukachagua kwenda kuwavua haohao baharini. Mimi simtetei yeye wala wewe. Mjane aliyerudi kwa baba yake hana kura ndani ya nyumba.

Sasa kuna jambo nataka unisaidie. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya mkoa, kijana wa miwani na viatu visivyojua theluji. Kampuni ya umeme inataka kujenga bwawa pale korongoni, chini ya kijiji. Likijengwa, maji yatafunika kituo na mashamba ya bondeni, na samoni hatapanda tena. Ofisi inasema mto wetu hata hivyo hauna samoni wa maana, vifaranga tunavyoachia vinakwenda baharini kufa. Baba akasema vinarudi. Yule kijana akasema, "Mzee, nionyeshe."

Wakakubaliana hivi. Vifaranga vya mwaka huu tuvitie alama. Mpaka tarehe 25 Desemba 1961 tupate samoni kumi wenye alama yetu, wa mtoni au wa baharini, kila mmoja na mahali na tarehe alipovuliwa. Wakifika kumi, bwawa litatafutiwa mto mwingine. Wakipungua, basi.

Alama yenyewe ni mkasi. Kile kipezi kidogo cha mgongoni, karibu na mkia, na pezi la tumbo la kulia. Vyote viwili vikikosekana kwa pamoja, huyo ni wa kwetu, mto mwingine hautumii mkato huo. Tulikuwa wanawake sita na mikasi ya kucha. Kifaranga ana urefu wa kidole cha mwisho, unamshika kwa kitambaa chenye maji, unakata, unamtupa kwenye ndoo, unachukua mwingine. Siku tano, vifaranga elfu thelathini. Bi Tami aliimba mpaka sauti ikamkauka, halafu akaanza kusengenya. Baba alikuwa anapita nyuma yetu akisema, "Karibu na mwili. Karibu na mwili. Ukibakiza, litaota tena." Mikono yangu mpaka leo inanuka samaki.

Tuliviachia tarehe 30. Baba alisimama pale maji ya chemchemi ya kituo chake yanapoingia mtoni. Anasema harufu ya maji hayo ndiyo watakayoitafuta miaka minne ijayo, wakiwa wakubwa kama mkono wangu. Hukuwepo kumwona. Alikuwa kama mtu anayesindikiza watoto kituo cha treni.

Wewe unakwenda wanakokwenda wao. Mwaka huu na ujao usijisumbue, bado wadogo. Baada ya hapo, kila samoni atakayepita mikononi mwako mgeuze umtazame.

Nilipomwambia Baba nakuandikia, alisema, "Mwambie mpangaji akikutana na wanangu awasalimie. Na mikono yake aiweke mifukoni."

Dada yako,
Sadayo


Baharini, 19 Juni 1958

Dada,

Meli ya mizigo inarudi Hakodate kesho, nami nimepata nafasi ya kutuma karatasi hii. Koti ninalo. Nalala nalo, navulia nalo, na sasa linanuka kuliko mimi.

Sisi tuko kwenye mashua ya kuvulia, tuko ishirini na wawili. Jioni tunashusha jarife, wavu mrefu kuliko mto wetu wote, alfajiri tunalivuta, kisha tunapeleka samaki kwenye meli mama watiwe kwenye makopo. Mikono imepasuka, lakini nakula vizuri. Nahodha wetu anaitwa Iwabuchi, mtu mfupi, mpole wa sauti. Jana aliniambia, "Wewe kijana unawatazama samaki kama mtu anayetafuta ndugu zake." Nikamwambia ndivyo ilivyo. Wote walicheka, na sasa jina langu humu ni Ndugu wa Samaki.

Mwambie Baba hawa tunaowavua si wanawe. Nahodha anasema vifaranga vya mwaka huu saa hizi viko ukingoni mwa bahari ya kaskazini, vinakula na kukimbizwa. Vikinusurika vitashuka kusini kwa baridi, vitapanda tena huku kwa joto, vinazunguka hivyo mwaka hadi mwaka mpaka siku damu iviite nyumbani. Sijui nani huviambia njia. Sisi na dira zetu tunapotea.

Kuna mstari humu baharini uliochorwa na serikali yetu na ya Warusi. Ng'ambo yake haturuhusiwi kutupa hata kamba. Wenzangu wanasema samaki wazuri wote wanaujua mstari huo na wanakaa upande wa pili kutucheka.

Nitatazama kila mmoja, Dada. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Eikichi


Kamizawa, 22 Desemba 1959

Mdogo wangu,

Pamoja na barua hii kuna samaki wako wa mwaka mpya. Nimemtia chumvi na kumwanika mimi mwenyewe. Mwambie mama mwenye nyumba wako asishangae kuona tumbo halikupasuliwa lote, ndivyo kwetu tunavyofanya, tunaacha kipande kati kikishikilia. Mwaka jana uliniambia aliuliza kama kisu chetu kilikuwa butu. Mjibu kwamba sisi mtu aliyetoka mbali kiasi kile kuja kufa nyumbani hatumpasui kama gunia.

Juzi ilikuwa siku ya Osuke, mkuu wa samoni. Kama kawaida uzio wa kunasia samoni mtoni ulifunguliwa asubuhi, wakubwa na wadogo wakajifungia ndani, mchele wa kunata ukatwangwa kwa kelele ili mtu asije akamsikia akipanda na mkewe huku akijitangaza jina. Si unakumbuka tulivyokuwa tukiziba masikio kwa makapi ya mpunga? Baba, mtu wa vipimajoto na darubini, ndiye aliyepiga sufuria kuliko wote. Nikamuuliza, "Baba, kweli unaamini atakayesikia hamalizi siku tatu?" Akasema, "Siamini. Lakini sitaki kusikia." Bi Tami akasema yeye angependa mumewe asikie, hata kidogo tu.

Nasikia kwa watu wa mji wa Sakata wanaofika huko Hakodate kwamba unaonekana na binti wa nahodha. Hukuniambia. Anaitwa nani, na anajua kupika?

Baba bado anakuita mpangaji. Lakini ulipotuma zile glavu za manyoya alizijaribu nilipompa mgongo.

Dada yako,
Sadayo


Kamizawa, 30 Novemba 1960

Eikichi,

Wawili. Wamepanda wawili, wadogo, wa miaka mitatu, wale wenye haraka. Mmoja nilimwinua mimi kutoka kwenye uzio, nikampapasa mgongoni, laini, nikamgeuza, kulia hakuna kitu. Nilikaa chini kwenye maji kama mlevi.

Baba aliwachukua mwenyewe kwenye ndoo hadi kwa yule bwana wa miwani. Aliporudi alisema, "Mwandikie Eikichi. Mwambie wawili tayari, na wengi wanakuja mwakani, atakutana nao kwanza yeye." Umesoma vizuri? Amesema Eikichi.

Dada yako,
Sadayo


Baharini, 14 Julai 1961

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Sisi huku ni ukungu tu, wiki ya pili sasa, mtu haoni pua yake.

Habari njema ninayo. Nahodha Iwabuchi ameniambia msimu huu ukiisha nitakuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wote wa sitahani. Miaka mitatu tu, na wapo waliokaa kumi hawajafika hapo. Kuhusu Fumie, yule binti wa nahodha, ndiyo, ulichosikia ni kweli, na baba yake hana kinyongo. Tunafikiria kuoana mwaka mpya. Anajua kupika, ila anatia sukari kila kitu. Utamzoea.

Kuhusu lile jambo la Baba, nimetazama. Sijaona hata mmoja. Bahari ni kubwa, Dada, na samaki ni wengi mno, na wanatoka mito mingi. Baba asiweke moyo wote hapo.

Hivi, mlikata karibu kabisa na mwili? Nauliza tu. Nasikia pezi likibakizwa huota tena na mtu asitambue. Usimwambie Baba kwamba nimeuliza.

Sina hamu ya kula siku hizi, labda ni huu ukungu. Msalimie Bi Tami.

Wako,
Eikichi


Kamizawa, 3 Novemba 1961

Mdogo wangu,

Hongera ya userahangi. Nilimsomea Baba sehemu hiyo na ile ya Fumie. Alisema, "Ametulia basi," akaenda kukoka moto.

Swali lako nililificha kama ulivyotaka, lakini halikuniacha mimi. Nimelala nalo tangu Agosti. Sasa kila samoni anayeingia kwenye uzio namkagua kama daktari, natafuta pezi lililoota upya, kovu, mkunjo wowote. Wapo ninaowatilia shaka, lakini shaka haipelekwi ofisini. Nilimwambia Bi Tami labda mikono yake ilikuwa inatetemeka siku zile. Amenikasirikia, tumekosana. Wiki iliyopita Baba alinikuta nimeshika samaki nikilia, ikabidi nimwambie. Hakufoka. Alisema tu, "Labda mkono wako ulikuwa mwepesi, mwanangu. Uliwaonea huruma." Bora angenichapa.

Hesabu yetu ni hii. Mwaka jana wawili. Mwaka huu mpaka leo wanne. Jumla sita. Nyavu za pwani zinawadaka wengi kabla hawajafika mdomoni mwa mto, na wavuvi wa huko hawana muda wa kutazama mapezi. Bwana wa miwani atakuja tarehe 25 Desemba kufunga daftari lake. Tumepungukiwa wanne.

Baba haachi mto. Unajua samoni akishaingia maji ya mto hali tena kitu mpaka afe. Baba naye ameanza hivyohivyo, namwekea wali unapoa.

Nakuomba, Eikichi. Umekaa huko msimu mzima. Waulize wenzako, mwulize nahodha. Hata kama ni mmoja aliyepita mbele ya macho ya mtu, mwenye mahali na tarehe. Wanne tu.

Dada yako,
Sadayo


Hakodate, 15 Novemba 1961

Dada,

Nimeuliza. Hakuna aliyeona.

Nimemtumia Baba skafu nzito. Mwambie asisimame majini muda mrefu.

Harusi ni tarehe 14 Januari. Najua njia ni ndefu na theluji ni nyingi, msijisumbue kuja.

Eikichi


Kamizawa, 27 Desemba 1961

Eikichi,

Simu ya maandishi uliipata, kwa hiyo unajua Baba amefariki. Hukuja. Nadhani treni zilikuwa zimezuiwa na theluji. Nimewaambia watu hivyo.

Nakueleza ilivyokuwa, maana watu wa Sakata watakuletea yao.

Tarehe 20 ilikuwa siku ya Osuke. Uzio ulifunguliwa. Asubuhi yote Baba alikaa karibu na jiko, huku majirani wakitwanga. Kwenye saa nane mchana alivaa viatu vya mpira na ile skafu yako. Nikamwuliza anakwenda wapi siku kama ile. Akasema, "Mwaka mzima tunawangoja siku ambazo hawaji. Leo hatuwatazami, na mlango uko wazi. Wanapita leo." Nikasema, "Baba, watu watasema nini?" Akasema, "Watakuwa wanatwanga, hawatasema kitu."

Nilipaswa kwenda naye. Niliogopa, Eikichi. Nina miaka thelathini na minane, nilimzika mume bila mwili, na bado niliogopa kumsikia samaki. Nilibaki ndani nikapiga sufuria.

Kabla ya jua kuzama nilishuka. Alikuwa amekaa kwenye kina kifupi, mgongo umeegemea nguzo ya uzio, maji yanamfika kifuani. Alikuwa amekufa. Daktari amesema moyo, kwa ajili ya baridi. Kijiji kinasema amesikia sauti, na wapo ambao hawakuja kumzika kwa sababu hiyo. Pembeni yake kwenye kokoto kulikuwa na samoni watatu, wamepangwa, vichwa vimeelekea mtoni. Niliwageuza mmoja mmoja. Wote watatu wana alama.

Watatu na sita ni tisa.

Bwana wa miwani alikuja tarehe 25 kama alivyosema. Alifukiza ubani kwanza, akakaa vizuri, akasubiri nimmiminie chai. Halafu akahesabu. Alihesabu mara mbili, kwa huruma nadhani. Akasema, "Mama, ningekuwa mimi peke yangu ningeandika kumi. Lakini wakubwa wangu watataka kumwona huyo wa kumi." Akafunga daftari.

Mwaka huu sikutumii samaki wa mwaka mpya. Wale watatu hakuna aliyetaka kuwala, na wa kwetu wengine sikuwa na moyo wa kuwatia chumvi.

Nisamehe mimi na mkasi wangu. Ningekata karibu zaidi, tungempata huyo mmoja.

Dada yako,
Sadayo


Hakodate, 20 Agosti 1962

Dada Sadayo,

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara nne. Leo Fumie ameenda kwa mama yake, na baba mkwe yuko bandarini. Hawajui naandika.

Mwaka jana, tarehe 9 Julai, tulivuta jarife asubuhi kwenye ukungu. Niliona wa kwanza, nikadhani macho yangu. Nikaona wa pili. Nilipomaliza kugeuza nilikuwa nao kumi na mmoja, Dada, wamekaa miguuni pangu, wote bila kipezi cha mgongoni na bila pezi la kulia. Mkato mzuri. Hakuna kilichoota tena. Nilipiga kelele wenzangu wakaja, wakanipiga mgongoni, wakasema Ndugu wa Samaki ameonana na nduguze.

Nahodha akaja, akatazama, akaniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Unajua tuko wapi?" Nikasema sijui, ukungu. Akasema, "Tuko maili nane ng'ambo ya mstari. Hao samaki ukiwapeleka, watauliza walivuliwa wapi. Ukitaja mahali pa kweli, tunanyang'anywa leseni, watu ishirini na wawili na familia zao. Ukitaja mahali pa uongo, kumbukumbu za meli mama zitatuumbua." Kisha akasema nimefaa kuwa serahangi, na kwamba Fumie amekuwa akiniulizia. Alivisema vyote kwa sauti ileile ya upole, kimoja baada ya kingine. Nikamwitikia.

Aliagiza mpishi awakate jioni hiyohiyo tule wote, pasibaki kitu. Nilikula mmoja. Nilikuwa na njaa, ndio ukweli. Baadaye ndipo chakula kikaanza kunishinda.

Lile swali la mkasi niliuliza kwa kuwa nilitaka mpate sababu nyingine, sababu isiyo mimi. Sikufikiria utaibeba wewe. Na Novemba uliponiomba wanne nilikuwa na kumi na mmoja, nikakujibu kwa mistari mitano. Treni hazikuzuiwa, Dada. Nilifika stesheni na mfuko, nikakaa kwenye benchi, zikapita mbili.

Ukitaka nitaiandikia ofisi ya mkoa sasa, na majina, na mahali. Najua ukuta wa bwawa umeshaanza. Lakini nitaandika ukiniambia. Nakuomba unisamehe, na uniombee kwa Baba.

Mdogo wako,
Eikichi


Kamizawa, 24 Novemba 1962

Eikichi,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka mbele ya picha ya Baba, maana ilikuwa ya kwake. Imekaa hapo tangu Agosti. Sikukujibu kwa kuwa kila neno nililoandika lilikuwa matusi, na mimi sikulelewa hivyo. Sasa nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Ofisi usiiandikie. Ungefanya hivyo ungekuwa na ya kujisifia. Na wale ishirini na wawili wana watoto.

Kituo kimefungwa tangu Machi. Niliviachia mtoni vifaranga vya mwisho peke yangu, bila alama. Sasa nawapikia wajenzi arobaini wa bwawa, asubuhi na mchana. Wanasema wali wangu ni mzuri. Mwakani maji yakipanda nitahamia Sakata, nimepewa chumba huko.

Umesema hukufikiria nitaibeba mimi. Nikuambie nilivyoibeba. Baba alikufa akiamini mkono wangu ulikuwa mwepesi. Hilo hutaliondoa kwa kuomba radhi, na mimi siwezi kumwendea nikamwambia, "Baba, nilikata vizuri, Eikichi ameona." Baada ya barua yako nilikwenda kwa Bi Tami kumtaka radhi kwa yale niliyosema juu ya mikono yake. Nilisimama nje na sanduku la maandazi ya mchele. Nilimsikia akitembea ndani. Hakufungua.

Sasa habari za mtoni. Wamekuja.

Ni wale waliochelewa, wa miaka mitano. Walianza kufika Oktoba mwishoni, na ukuta umeshavuka mto mzima. Maji yanapitishwa kwenye bomba la pembeni, na ndani yake bado imo harufu ya chemchemi ya Baba, kwa hiyo wanaijua njia mpaka hapo. Hapo inaisha. Wanaruka, wanapiga ukuta kwa kichwa, wanaanguka, wanaruka tena. Pua zimebaki nyama tupu. Majike wakichoka wanataga kwenye kokoto za saruji, na madume wanapita juu ya mayai wakifanya kazi yao kama vile pana tumaini. Wajenzi walikuwa wanacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu mmoja wao akaniomba ruhusa ya kula nje, mbali na mto.

Nilishuka na ndoo kuwageuza. Siku moja tu, Eikichi, nilipata kumi na wanne wenye alama. Yule bwana wa miwani alikuwa amekuja kukagua ukuta. Nikamwita, nikamwonyesha. Alivua kofia, akasimama nayo mkononi. Akasema, "Mama, hawa ni wa mwaka huu, na daftari lilifungwa mwaka jana." Ndiyo hivyo tu.

Tarehe 20 mwezi ujao hatutatwanga. Hakuna atakayepita wa kumwogopa.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ukifungue wewe mwenyewe. Ni dume, alikuwa bado hai nilipomwinua chini ya ukuta. Nimemtia chumvi kama nilivyofundishwa, na tumbo nimeliacha na kipande chake kati. Kabla hujamkata, pitisha kidole mgongoni, kisha mgeuze upapase kulia. Mkato huo ni wangu, nautambua. Umekaribia mwili kabisa.

Baba aliishia wa tisa. Huyu ni wa kumi. Mkate vipande, mle wewe na Fumie na baba mkwe wako siku ya mwaka mpya, msibakize. Ladha yake wewe unaijua.

Sadayo